Kaboni na madini katika donge moja: njia nne za kupunguza koka, na ipi inamfaa nani

Kijana anayesoma uhandisi Arusha akitafuta mradi wa mwisho unaohusu chuma, na mwenye karakana ya kusubu chuma Moshi anayelipia koka (makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa) inayotoka ng'ambo, wote wawili hufika kwenye swali lilelile: tukiunganisha kaboni na madini ya chuma kabla ya kuyatia kwenye tanuru, koka itapungua? Ndiyo, itapungua. Ugumu unaanza pale mtu anapouliza aunganishe vipi, maana njia ziko kadhaa na kila moja ina watu wanaoisifu kana kwamba nyingine hazipo.

Nitalinganisha nne: kuchanganya koka ndogo na tabaka la madini, donge linaloshikwa na saruji, briketi (donge la kushindiliwa) inayoshindiliwa ikiwa ya moto, na ferokoka, yaani koka yenye madini ndani yake. Tanuru ninalolizungumzia ni lile refu, linalojazwa kutoka juu kwa matabaka ya koka na madini, likipulizwa upepo wa moto kutoka chini hadi chuma kitoke kikiwa kimiminika. Hapa kaskazini mwa Tanzania hatuna tanuru la namna hiyo. Tuna TEMDO pale Arusha, iliyoanzishwa 1980 kwa ajili ya kubuni mitambo, tuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kule Hai, na tuna karakana nyingi zinazoyeyusha chuma chakavu. Hao ndio ninaowaandikia, pamoja na yeyote anayefuatilia habari za Liganga, kwenye madini ya chuma kule Ludewa, na kujiuliza mawe yale yatayeyushwaje.

Kwa nini kuunganisha kunasaidia

Sehemu hii ni ndefu kidogo kwa makusudi. Asiyeielewa atachagua njia kwa kuangalia picha ya donge zuri.

Madini ya chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Ndani ya tanuru, gesi ya kaboni monoksidi huichukua oksijeni hiyo na kugeuka hewa ukaa. Kwa tani moja ya chuma kutoka kwenye hematiti, aina mojawapo ya madini ya chuma, kilo 161 hivi za kaboni zingetosha kama gesi yote ingetoka juu ikiwa hewa ukaa. Kama ingetoka yote ikiwa bado monoksidi, zingehitajika kilo 322. Tanuru kubwa la kisasa hutumia zaidi ya hapo, karibu kilo 500 za koka na makaa ya mawe ya kupulizwa kwa kila tani, kwa sababu kaboni hiyohiyo inatakiwa pia itoe joto la kuyeyushia, na sehemu yake inaingia ndani ya chuma chenyewe.

Gesi haiwezi kutumika yote, kwa sababu kemia ina mizani yake. Kwenye nyuzi 1000 za Selsiasi, hatua ya mwisho ya madini kugeuka chuma inasimama pale hewa ukaa inapofika takriban 29% ya mchanganyiko wake na monoksidi. Ikizidi hapo, chuma kinaanza kurudi kuwa oksidi. Kwenye nyuzi 800 mpaka huo unapanda hadi karibu 36%. Maana yake ni kwamba hatua hiyo ikifanyika kwenye joto la chini zaidi, kila kilo ya kaboni inafanya kazi kubwa zaidi kabla ya kutoka nje.

Katikati ya tanuru kuna eneo ambalo joto halibadiliki sana, karibu nyuzi 950 hadi 1000. Linapangwa hasa na koka yenyewe: hapo ndipo inapoanza kwa kasi kuungana na hewa ukaa na kuzalisha monoksidi mpya, kazi inayonyonya joto jingi. Ukiingiza kaboni iliyo nyepesi kuungana, kazi hiyo inaanza mapema na eneo lote linapoa. Mfaransa André Rist alitengeneza mchoro unaoonyesha jambo hili kwa mstari mmoja, na kila anayefanya mradi wa tanuru angefanya vizuri kuanza na mchoro huo kabla ya kugusa koleo.

Faida nyingine ni ukaribu. Kaboni ikikaa milimita chache tu kutoka kwenye punje ya madini, hewa ukaa inayozaliwa kwenye punje inakutana na kaboni papo hapo, inageuka monoksidi, inarudi kwenye punje. Mzunguko huo unaharakisha mambo. Wahunzi wa ukoo wa Washana wa Ugweno, kwenye milima ya Upare, walitumia mchanga mweusi wa chuma uliooshwa na vijito pamoja na mkaa wa miti, na chuma chao ndicho wahunzi wa Kilimanjaro walichokinunua kufulia mikuki na majembe. Punje ndogo za madini katikati ya mkaa ulio mwepesi kuungana: msingi wake ni huuhuu.

Kuna gharama yake, na hii ndiyo inayoamua uchaguzi. Koka ina kazi tatu: kutoa joto, kutoa gesi, na kubeba uzito wa kila kitu kilicho juu yake huku ikiacha nafasi gesi ipite. Kaboni iliyo nyepesi kuungana inaliwa haraka, kwa hiyo haiwezi kubeba. Ndiyo maana hakuna hata moja kati ya njia hizi nne inayoondoa koka yote. Zote zinachukua sehemu tu ya kazi yake.

Vigezo

Nitaangalia kila njia kwa maswali matano yaleyale: inapunguza kaboni kwa njia gani, inataka makaa ya aina gani, inabaki imara kiasi gani baridi na moto, inahitaji vifaa na muda gani, na inaingiza uchafu gani. Kwa maoni yangu swali la pili na la tatu ndiyo mazito. Kemia inafanana kwa njia zote nne. Kinachotofautiana ni makaa uliyonayo na urefu wa tanuru lako.

Koka ndogo kwenye tabaka la madini

Koka ikichujwa kabla ya kupakiwa, vipande vidogo, kama vya milimita 10 hadi 30, hubaki chini ya chekeche. Badala ya kuvitoa nje, vinachanganywa na madini na kuingia kwenye tabaka lao. Viwanda vingi duniani vinafanya hivyo kama jambo la kawaida.

Upungufu wa kaboni unatokana na ukaribu na kuikinga koka kubwa: vipande vidogo vinaliwa kwanza na hewa ukaa, vikubwa vinafika chini vikiwa bado na nguvu. Tabaka la madini nalo linapitisha gesi vizuri zaidi pale linapoanza kulainika. Makaa ya ziada hayahitajiki, kwa kuwa ni koka ileile. Uimara hauna shaka, vifaa ni chekeche na mizani, na uchafu hauongezeki.

Faida yake ni ya kiasi, kwa sababu koka ndogo haina wepesi wa kuungana kuliko koka kubwa kwa tofauti ya maana. Eneo la katikati halipoi sana. Inamfaa mwenye tanuru linalofanya kazi tayari na asiyetaka kuhatarisha uzalishaji wake.

Donge la saruji

Hapa unachukua unga wa madini au magamba ya chuma yanayodondoka kwenye viwanda vya nondo, unachanganya na unga wa koka, wa makaa ya mawe au wa mkaa, unatia saruji na maji, unafinyanga vidonge au matofali, kisha unayaacha yakomae bila moto. Huko Japani, Nippon Steel imetumia vidonge vya aina hii vyenye takriban 20% ya kaboni kwenye kiwanda chake cha Oita. Ujerumani, kule Duisburg, Thyssenkrupp ilijenga tanuru fupi la kula matofali ya vumbi la kiwanda yaliyoshikwa kwa saruji. Njia hii basi si ya maabara tu.

Inapunguza kaboni kwa yote mawili, ukaribu na wepesi wa kuungana, na wepesi huo unategemea unga uliouchagua. Unga wa mkaa wa miti huungana mapema kuliko wa koka. Uzuri mkubwa kuliko wote ni kwamba njia hii haichagui makaa. Hayahitaji kulainika wala kushikana yenyewe, saruji inafanya kazi hiyo. Kwa mazingira yetu hilo ni jambo kubwa: makaa ya mawe ya Ngaka tunayajua kama nishati ya viwanda vya saruji, si kama makaa ya kutengenezea koka, na vumbi la mkaa limejaa kwenye kila kituo cha mkaa kuanzia Kwa Mrombo hadi Majengo.

Uimara wake baridi unatosha kubebwa na kumwagwa. Ukipashwa moto, maji yaliyofungwa ndani ya saruji yanaondoka na kiungo kinalegea, na kati ya nyuzi 500 na 700 donge linakuwa katika hali yake dhaifu zaidi, kabla chuma kipya hakijajengeka ndani yake na kulishika upya. Kwenye tanuru fupi donge linalipita eneo hilo likiwa na uzito mdogo juu yake. Kwenye tanuru refu linaweza kusagika, na unga wake ukaziba njia za gesi.

Vifaa ni vya karakana ya kawaida: kichanganyio, kalibu, na sehemu yenye kivuli. Muda ndio unaoumiza, kwani ukomavu kamili unahesabiwa kwa wiki, kama zege. Saruji yenye pozolana nyingi, ya aina ya majivu ya volkano yanayochimbwa Holili, hushika polepole zaidi siku za mwanzo, hivyo usipime donge lake wiki ya kwanza ukalikataa.

Uchafu: saruji inaleta chokaa na silika, na vyote viwili vinaishia kwenye mavi ya chuma, yaani uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma, ambayo nayo yanataka joto ili yayeyuke. Ukizidisha saruji kutafuta uimara, unarudisha sehemu ya koka uliyoiokoa. Yapo pia majivu ya kaboni yenyewe. Baadhi ya vijana Moshi wanapendekeza mkaa wa makapi ya kahawa, kwa kuwa makapi yapo mengi na ni ya bure. Naipenda nia yao. Lakini majivu ya makapi ya kahawa yana potasiamu nyingi, na potasiamu ndani ya tanuru refu inapanda ikiwa mvuke, inaganda juu, inashuka tena, inajilimbikiza na kula matofali ya ukuta na koka. Kwa jaribio la kalibu ndogo hakuna tatizo. Kwa tanuru linalowaka mwaka mzima, pima majivu kwanza.

Briketi ya moto

Makaa ya mawe ya aina fulani yakipashwa hadi kati ya nyuzi 350 na 500 hivi yanalainika kama lami. Ukiyachanganya na madini ya moto wakati huo na kuyashindilia, yanashika punje zote bila saruji wala kiungo kingine. Watafiti wa Japani na wa China wameifanyia kazi kwa miaka mingi.

Ukaribu ndani yake ni mkubwa kuliko kwenye njia nyingine zote, kwa sababu makaa yaliyolainika yanaingia hadi kwenye vinyweleo vya madini. Haina saruji, kwa hiyo mavi ya chuma hayaongezeki kwa sababu ya kiungo. Uimara wake moto unalishinda donge la saruji, maana kinachoshika ni kaboni yenyewe.

Sharti lake ni gumu: makaa lazima yalainike. Makaa yasiyolainika yatakupa unga ulioshindiliwa, unaopasuka ukiudondosha mara ya kwanza. Mashine nayo inatakiwa ishindilie kitu cha moto bila hewa kuingia, na roli zake zinaliwa haraka na madini. Kwa karakana ya Arusha ninaona kazi hii ni ngumu kuianza, ingawa kwa jaribio la gramu chache, kwa kalibu ya chuma na jeki ya haidroliki, inawezekana kabisa na inafundisha mengi.

Ferokoka

Hii inageuza mpangilio: badala ya kutia kaboni ndani ya madini, unatia madini ndani ya koka. JFE Steel ya Japani ndiyo iliyoisukuma mbali zaidi. Mchanganyiko wake ni takriban 70% makaa ya mawe na 30% madini, unashindiliwa kuwa briketi, kisha unachomwa bila hewa. Wakati wa kuchomwa, sehemu kubwa ya madini inageuka chembechembe za chuma zilizosambaa ndani ya kaboni, na chembechembe hizo ni kichocheo. Kaboni iliyozizunguka inaanza kuungana na hewa ukaa kwenye joto la chini kuliko koka ya kawaida.

Kwa kigezo cha kwanza, hii ndiyo njia inayolenga moja kwa moja kulipoza lile eneo la katikati. Lengo la mradi wa Japani lilikuwa kupunguza nishati ya utengenezaji wa chuma kwa takriban 10%, na mtambo wa tani 300 kwa siku ulijengwa Fukuyama.

Makaa yake yanaweza kuwa ya daraja la chini kuliko yale ya koka bora, na hii ndiyo sifa inayotangazwa sana. Ni kweli, ila isomwe kwa uangalifu: madini yanapunguza uwezo wa makaa kushikana, kwa hiyo ukishusha ubora wa makaa unalazimika kuongeza kiungo na nguvu ya kushindilia. Uimara unatosha kuchanganywa kwenye tabaka la madini, hautoshi kuwa nguzo ya tanuru.

Vifaa ndivyo vinavyowatoa wengi mbioni. Huwezi kuichoma kwenye majiko ya kawaida ya koka, kwa sababu kuta zake ni za matofali ya silika, na oksidi ya chuma ikikutana na silika kwenye joto kali inatengeneza mchanganyiko unaoyeyuka. Ukuta unaliwa. Ndiyo sababu wanatumia tanuru la wima lililoundwa kwa kazi hiyo. Mwenye kiwanda kikubwa ataihesabu gharama hiyo kwa miaka mingi. Mwenye karakana hana hesabu ya kufanya hapo.

Sasa uchague

Kama wewe ni mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na bajeti ndogo, donge la saruji linakupa maswali mengi yanayopimika: uwiano wa kaboni, aina ya unga, kiasi cha saruji, siku za ukomavu. Pima uzito kabla na baada ya kuchoma, dondosha madonge kutoka kimo kimoja, yapasue yakipoa uone yamebadilika hadi kiini. Ukivutiwa zaidi na nadharia ya joto, fanya ferokoka ya gramu chache na ulinganishe joto inaloanzia kupoteza uzito ndani ya hewa ukaa. Kwa vyovyote, fanya kazi hiyo mahali penye hewa inayopita. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua.

Kama una karakana Moshi yenye tanuru fupi la koka la kuyeyushia chuma chakavu, usianze na njia yoyote ya kigeni. Chuja koka yako kwanza na ujue unatupa kiasi gani cha vipande vidogo na vumbi. Vumbi hilo, pamoja na magamba ya chuma, linaweza kuwa tofali la saruji. Litie kwa sehemu ndogo ya mzigo, na utazame wepesi wa mavi ya chuma na joto la chuma kinapotoka. Chuma kikianza kutoka baridi, tofali linanyonya joto kuliko linavyolipa, kwa hiyo punguza.

Kama tanuru lako ni la umeme, la kuyeyusha kwa koili, achana na madonge haya. Tanuru hilo halina nafasi ya mavi mengi wala ya gesi inayochemka ndani ya chuma.

Kama uko mahali ambapo makaa yanayolainika yanapatikana na kuna mtaji wa mashine, briketi ya moto inastahili kuangaliwa kabla ya ferokoka, hasa pale unapotaka kukwepa mavi ya ziada.

Na kama unafikiria Liganga, swali la kwanza si donge. Mawe yale ni magnetiti, aina nyingine ya madini ya chuma, yenye titani nyingi na vanadi. Kwenye tanuru refu, titani ikikaa na kaboni kwenye joto kali inazaa kabidi ya titani, na mavi ya chuma yanakuwa mazito hadi yanagoma kutoka. Kaboni ikiwa imesogezwa karibu zaidi na punje, kama ilivyo kwenye njia tatu kati ya hizi nne, jambo hilo linatakiwa kupimwa mapema kabisa. Chukua sampuli, tengeneza madonge yenye kaboni kidogo na mengine yenye kaboni nyingi, yayeyushe, kisha umimine mavi yake kwenye bamba lililoinamishwa uone yanatiririka umbali gani. Jaribio hilo ni la siku chache, na litakuambia kama uendelee kulinganisha njia hizi au utafute tanuru la aina nyingine.